Reli ya kaskazini isife tena kwa kukosa mzigo

Mkulima wa tangawizi wa Bombo, wilayani Same, hana njia nyingi za kufikisha magunia yake sokoni. Mzigo hushuka mlima kwa gari au pikipiki hadi Gonja Maore, na kutoka hapo huelekea ama kaskazini kupitia Kisiwani hadi Same mjini, ama kusini kupitia Ndungu na Kihurio hadi Mkomazi. Njia zote mbili huishia kwenye barabara kuu ya lami. Zote mbili huishia pia kwenye reli. Ajabu ni kwamba mkulima huyo anajua bei ya kukodi Fuso bila kuuliza mtu, na dalali anamjua kwa jina na kwa tabia, lakini akiulizwa gunia moja linasafirishwa kwa shilingi ngapi kwa treni kutoka Same hadi Dar es Salaam, hana jibu.

Hilo si jambo dogo. Reli ya kaskazini imekwisha kufa mara moja na ikafufuliwa kwa gharama kubwa ya fedha za walipa kodi. Treni ya mizigo ilipokelewa Moshi Julai 2019. Desemba mwaka huohuo ikafuata treni ya abiria kutoka Dar es Salaam, baada ya takriban robo karne ya ukimya, na Oktoba 2020 safari zikafikishwa hadi Arusha. Watu walijipanga kandokando ya reli kuishangilia, na wazee waliokuwa wakiipanda enzi zao walikuwa na kila sababu ya kufurahi. Hata hivyo, shangwe hazijazi behewa. Historia ya njia hii inaonyesha wazi kwamba kila ilipoyumba, chanzo kikubwa kilikuwa mzigo, uliopungua au uliokwenda kwingine.

Ujenzi wake ulianza Tanga mwaka 1893, chini ya kampuni ya Kijerumani iliyoundwa mwaka 1891. Wenye kampuni walikuwa wakiota kahawa ya mashamba makubwa ya Usambara Mashariki. Kahawa ile haikustawi kama walivyotarajia, fedha zikaisha, na reli ikafika Muheza tu mwaka 1896, mwendo wa kilomita zipatazo 40 kutoka baharini. Mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikalazimika kuichukua. Kwa maneno mengine, hata kabla ya reli hiyo kufika Korogwe ilikuwa imekwisha kufilisika mara moja, kwa sababu iliyo rahisi kueleweka na mfanyabiashara yeyote wa gulioni: duka lilifunguliwa kabla ya kujulikana mteja ni nani.

Kilichoiokoa ni mkonge. Zao hilo lililetwa nchini mwaka ule ule wa 1893 na mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf, na likaenea kwa kasi katika tambarare za Tanga. Reli ikasogea hadi Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, Buiko mwaka 1909, na ilipotimia 1912 treni ilikuwa ikifika Moshi, kilomita 352 kutoka Tanga. Jasho lililomwagika humo lilikuwa la vibarua Waafrika, waliobeba mataruma na vyuma kwa ujira mdogo.

Katika Upare, wahandisi walifuata mkondo ulio rahisi. Reli ilipitishwa magharibi ya milima, kwenye uwanda ulio kati ya milima na Mto Ruvu, yaani Pangani. Makanya, Same na Lembeni zikawa stesheni. Same yenyewe inaudai uhai wake mwingi kwa reli hiyo, na mpaka leo mji huo una kata inayoitwa Stesheni. Upande wa mashariki, ambako ziko Bombo, Mtii, Vuje, Maore na Ndungu, ukabaki nyuma ya mlima. Wajerumani hawakuwa na shida na maharage ya Mpare wala ndizi zake. Walikuwa wakikimbilia Kilimanjaro. Hivyo basi, tangu mwanzo reli hii ilikuwa ya mashamba makubwa na miji mikubwa, na mkulima mdogo wa mlimani hakuwemo kwenye hesabu. Kasoro hiyo haijarekebishwa sawasawa tangu wakati huo.

Vita Kuu ya Kwanza ilileta mabadiliko. Waingereza walijenga tawi kutoka Voi, Kenya, likapitia Taveta na kuungana na njia ya Tanga pale Kahe. Vita ilipokwisha, sehemu ya mzigo wa Moshi, na baadaye wa Arusha iliyofikiwa na reli mwaka 1929, ikawa na mlango wa pili wa kutokea baharini, yaani Mombasa. Bandari ya Tanga ilipata mshindani ambaye haikumtarajia. Mwaka 1948 reli zote za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwekwa chini ya shirika moja la Afrika Mashariki, na mwaka 1963 kikakamilika kipande cha kutoka Mnyusi hadi Ruvu kilichoiunganisha njia ya Tanga na Reli ya Kati. Kuanzia hapo iliwezekana kupanda treni Same na kushuka Dar es Salaam.

Hicho ndicho kipindi ambacho wenyeji wengi wanakikumbuka kwa uzuri. Treni ilipita kwa saa iliyojulikana. Mwanafunzi, mfanyakazi wa shamba la mkonge, mama mwenye tenga la kuku na mfanyabiashara wa vitenge walikaa daraja la tatu pamoja. Stesheni ilikuwa gulio dogo, treni ikisimama ndizi na mahindi ya kuchoma huuzwa dirishani, ikiondoka kila mtu hurudi kwenye shughuli zake akisubiri nyingine.

Kisha mambo yakaanza kuharibika, na hayakuharibika kwa siku moja. Tanganyika ilikuwa ikiongoza duniani kwa mkonge, na mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000. Kamba za plastiki zikashusha bei ya zao hilo katika soko la dunia, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967 na yakakosa usimamizi mzuri, na hadi karne inakwisha uzalishaji ulikuwa umebaki karibu sehemu moja ya kumi. Reli iliyokuwa ikitegemea zao moja ikapoteza mteja wake mkubwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika jipya la Tanzania lilirithi injini chache, karakana zisizotosha na njia ndefu ya kutunza. Wakati huohuo barabara ya lami ya Segera hadi Moshi ikawa inapitisha mabasi na malori mchana na usiku, sambamba na reli, mahali pengine yakionekana kwa macho kutoka dirishani mwa behewa.

Katikati ya miaka ya 1990 treni ya abiria ikaondolewa. Muongo uliofuata, mzigo nao ukakauka. Mwaka 2007 kampuni ya RITES ya India ilikabidhiwa asilimia 51 ya kampuni mpya ya reli, TRL, mkataba ambao ulivunjika kabla ya miaka mitano na serikali ikarudishiwa hisa zake. Huku kaskazini nyasi ziliota katikati ya vyuma, wezi wa vyuma chakavu wakajihudumia, na watu wakajenga ndani ya hifadhi ya reli kwa imani kwamba treni haitarudi tena.

Mitaani kuna maneno kwamba reli iliuawa na wenye malori. Upo ukweli ndani yake, lakini ni nusu tu. Mwenye lori alifanya jambo ambalo reli haikulifanya: alimfuata mkulima. Alipanda hadi Bombo kwa barabara mbovu, akavunja springi, akalala njiani mvua iliponyesha, na asubuhi akapakia. Reli ilikaa stesheni ikisubiri mzigo uje wenyewe. Hakuna muuza nyanya anayeweza kufanya biashara kwa mtindo huo akadumu.

Wenzetu wa Japani walilitambua hilo mapema. Wakulima wa mpunga wa Ndungu, chini kidogo ya Bombo, wanawafahamu Wajapani kwa mifereji ya umwagiliaji iliyojengwa kwa msaada wao mwishoni mwa miaka ya 1980, hivyo mfano huu hautoki kwa wageni kabisa. Mwaka 1910, wakati reli ya Tanga ikiwa imefika Buiko na ikijikokota kuelekea Moshi, kule Osaka ilifunguliwa njia ndogo ya treni ya umeme kutoka mjini kwenda vijiji vya Minoo na Takarazuka. Njia hiyo ilipita mashambani. Abiria hawakuwapo. Walioiona walidhani itafilisika kama kampuni ile ya Tanga ilivyofilisika.

Meneja wake, Kobayashi Ichizo, hakungoja. Kampuni ilinunua ardhi kandokando ya njia kabla haijapanda bei, ikajenga nyumba pale Ikeda na kuziuza kwa malipo ya kila mwezi kwa muda wa miaka 10, ili hata karani wa kawaida aweze kununua. Aliyenunua nyumba akawa abiria wa asubuhi na jioni. Shida iliyobaki ilikuwa upande wa pili: asubuhi treni hujaa ikienda mjini, na hurudi tupu. Kobayashi akaweka mahali pa kuoga na kupumzika Takarazuka, akaanzisha kundi la wasichana waimbaji lililotoa onyesho la kwanza mwaka 1914, na watu wa mjini wakaanza kupanda treni kwenda shamba siku za mapumziko. Mwaka 1929 kampuni hiyo, ambayo leo inajulikana kama Hankyu, ikafungua duka kubwa juu ya stesheni yake ya Umeda, Osaka. Kampuni nyingine za reli za Japani zilifuata nyayo hizo, na vitongoji vingi vya Tokyo na Osaka vilikua kwa mtindo huo.

Reli mbili za rika moja. Moja ilitengeneza wateja wake, ya pili ikasubiri mkonge.

Ni kweli Same si Osaka, na hakuna anayetarajia nyumba za mkopo pale Makanya kesho. Lakini hapa nyumbani pia upo ushahidi kwamba watu huipokea treni inapowafuata walipo na kwa saa wanayoihitaji. Oktoba 2012 zilianza treni za mjini Dar es Salaam, moja kati ya Stesheni na Ubungo Maziwa na nyingine kati ya stesheni ya TAZARA na Mwakanga. Vyuma vilikuwa vilevile vya zamani na mabehewa yalikuwa ya kukarabatiwa. Kilichobadilika ni ratiba: asubuhi watu wanapokwenda kazini, jioni wanaporudi. Zikajaa. Wananchi wakaziita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe.

Kwa Bombo na jirani zake, swali ni la mzigo zaidi kuliko abiria, na hesabu yake haihitaji mtaalamu. Behewa la mizigo linapobeba tani 30, hayo ni magunia 300 ya kilo 100. Mkulima mwenye magunia matano hawezi kulikodi. Wakulima 60 wenye magunia matano kila mmoja wanalijaza. Tangawizi iliyokaushwa, iliki, maharage, mahindi na mpunga wa Ndungu ni mali inayovumilia safari ya siku mbili au tatu bila kuoza. Ndizi na mboga zibaki kwenye lori, na asiwepo wa kumdanganya mkulima kuhusu hilo.

Kuwakusanya hao 60 ndiyo kazi yenyewe. Vyama vya ushirika vya msingi vipo kwa ajili hiyo, na wakulima wa tangawizi wa Mamba Myamba wamekwisha kuonyesha kwamba wanaweza kuungana kwa zao lao hadi kuwa na kiwanda. Pale ushirika unapolegalega, hata mfanyabiashara wa kati anaweza kuifanya kazi hiyo kwa faida halali. Dalali amezoea kutukanwa, lakini anayekusanya magunia 300 kutoka mashamba 60 na kuyafikisha stesheni siku inayotakiwa amefanya kazi inayostahili malipo.

Lipo jambo jingine ambalo halizungumzwi sana nalo lina faida kubwa kwa mkulima kuliko hata nauli. Reli hutoza kwa uzito. Panapotozwa kwa uzito lazima pawepo mzani, na panapokuwa na mzani lumbesa haina nafasi. Kila mkulima wa mlimani anaijua lumbesa: gunia linashonewa kofia juu, linajazwa hadi linafanana na mtu aliyebeba mwingine begani, na bei inabaki ileile ya gunia moja. Sheria ya vipimo imekataza mchezo huo na matangazo yametolewa mara nyingi, lakini shambani kwenye kichaka mzani hauonekani, na mwenye lori ndiye anayeondoka na kilo za ziada. Mzigo ukipimwa Same mbele ya mwenye mali na akapewa stakabadhi yenye kilo zilizoandikwa, mazungumzo ya bei yanabadilika. Mkulima huyo anaweza kuchagua kuuza hapohapo, na hata akimuuzia mwenye lori atamuuzia kwa kilo.

Hapo ndipo ghala la stesheni linapohitajika. Sheria ya stakabadhi za ghala ipo tangu mwaka 2005, na korosho za kusini zimeuzwa kwa mfumo huo kwa miaka mingi, pamoja na malalamiko yake. Ghala moja lisilovuja pale Same, na jingine Mkomazi kwa ajili ya Ndungu, Kihurio na Maore, lingempa mkulima mahali pa kusubiri behewa lijae bila mali kunyeshewa. Bila ghala, magunia 200 ya kwanza yataoza yakisubiri 100 ya mwisho, na hakuna atakayejaribu mara ya pili.

Shirika la Reli nalo lina deni lake. Mfanyabiashara mdogo anaweza kuvumilia treni inayokwenda polepole, asichoweza kuvumilia ni treni isiyojulikana inakuja lini. Mvua kubwa zimewahi kuikata njia hii, na hilo hakuna wa kulaumiwa, lakini taarifa ya kukatika kwa njia inaweza kufika Bombo kwa simu ya mkononi dakika ileile inapofika makao makuu. Aidha, mabehewa yanayoteremka na mahindi yanapaswa kupanda na kitu. Saruji ya Tanga, mabati, mbolea na mbegu ni mzigo ambao maduka ya Same, Gonja na Ndungu hununua kila mwezi, na kwa sehemu kubwa huletwa na malori. Wenye maduka hao wakiunganisha oda zao kwa behewa moja, treni haitarudi tupu, na mfuko wa mbolea unaweza kumfikia mkulima wa Bombo kwa bei iliyo nafuu kidogo.

Barabara ya Same, Kisiwani hadi Mkomazi imeliliwa kwa miaka mingi, mpaka bungeni. Kawaida inatetewa kwa ajili ya wagonjwa na abiria, na sababu hizo zinatosha. Inafaa itetewe pia kama mkono wa reli. Barabara hiyo inagusa stesheni mwisho wake wote wawili, na kila mahali inapokuwa haipitiki, sehemu yote ya mashariki ya Upare inabaki ilikokuwa mwaka 1912, nyuma ya mlima.

Muda si mwingi. Macho ya nchi yapo kwenye reli ya kisasa, ambayo treni zake zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi uliofuata. Mipango ya kuijenga ya namna hiyo kutoka Tanga kwenda Arusha na Musoma imetajwa kwa miaka mingi. Siku vitabu vya hesabu vitakapoonyesha kwamba njia ya zamani ya kaskazini inakula bila kuzalisha, hapatakosekana mtu wa kupendekeza isimamishwe kwa muda, na wakazi wa Same wanajua "kwa muda" ya safari iliyopita ilichukua miaka mingapi. Ikisimama, mwenye lori atabaki peke yake sokoni na bei ya kusafirisha gunia ataipanga yeye.

Kuna hatua moja inayoweza kuchukuliwa wiki hii bila kusubiri bajeti wala mkandarasi. Meneja wa stesheni ya Same, akishirikiana na ofisi ya biashara ya halmashauri, abandike kwenye ofisi ya kila kata ya mashariki, kuanzia Maore, Bombo na Ndungu, karatasi moja yenye mambo matatu: siku za treni ya mizigo, gharama ya kusafirisha kilo 100 hadi Tanga na hadi Dar es Salaam, na namba ya simu ya ofisi inayopokea mzigo. Bei ikibadilika, karatasi ibadilishwe.